Karatasi mbili juu ya meza yangu: wanawake wa sayansi vyuoni tunabaniwa au tunapendelewa?

Bureti50 (Jumanne, saa 3:12 usiku)

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwa anayejua kusoma tafiti zinazopima watu. Zinazopima kemikali naziweza mwenyewe.

Mimi ni mhadhiri msaidizi wa kemia, chuo binafsi, mkoani, sitakitaja. Idara ina walimu kumi na wanne. Wanawake tuko watatu: mmoja yuko masomoni, mwingine likizo ya uzazi. Mwezi ujao tunajaza nafasi mbili, na kwa kuwa ni chuo binafsi tunachuja na kusaili wenyewe, hatupitii Sekretarieti ya Ajira. Basi mkuu wa idara kanisimamisha koridoni: Ijumaa kwenye kikao uzungumze dakika kumi na tano kuhusu "suala la jinsia katika ajira". Kwa nini mimi? Hakusema. Piga hesabu ya hapo juu utajua.

Nikajiandaa. Nikachapa ule utafiti maarufu wa 2012 wa Moss-Racusin na wenzake wa Yale. Walimu 127 wa biolojia, kemia na fizikia kwenye vyuo vikuu vya Marekani walipewa maombi ya kazi ya kusimamia maabara. Maombi ni yale yale, neno kwa neno, ila mengine yamewekwa jina la John na mengine la Jennifer. John akaonekana mwenye uwezo zaidi na wa kuajirika zaidi, akapendekezewa mshahara wa dola 30,200 hivi kwa mwaka. Jennifer kama 26,500. Na waliompunja Jennifer siyo wanaume peke yao, walimu wa kike walimpunja vile vile. Hapo nilikaa kimya kidogo.

Nikaiacha karatasi mezani, nikaenda kusimamia mazoezi ya maabara ya mwaka wa kwanza. Kurudi nakuta karatasi nyingine juu ya yangu. Mwenzangu wa meza ya dirishani, kijana mzuri tu, hatuna ugomvi, kaniwekea utafiti wa 2015 wa Williams na Ceci wa Cornell. Kapitisha kalamu ya njano: wahadhiri 873, vyuo 371, majimbo yote 50. Hao waliulizwa nani aajiriwe uprofesa msaidizi kati ya watu wenye sifa sawa, wakamchagua mwanamke mara mbili zaidi ya mwanamume. Chini kaandika kwa penseli: "Sasa?"

Jarida ni lile lile, la Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani. Zimepishana miaka mitatu. Mimi sampuli moja ikisoma asidi asubuhi na besi jioni siendi kuhutubia mtu, naosha vyombo naanza upya. Sasa hapa naosha nini?

Msiniambie "inategemea". Nataka nikisimama Ijumaa niseme kitu ambacho wa dirishani hatakiandikia penseli.

Mchovu_wa_Foleni (Jumanne, saa 3:40 usiku)

Dada, 873 ni wengi kuliko 127. Kwisha habari.

Halafu tuambiane ukweli. Kila tangazo la kazi na la ufadhili mwisho wake "wanawake wanahamasishwa kuomba". Sijawahi kuona linalonihamasisha mimi.

Wastani_Pungufu (Jumanne, saa 4:25 usiku)

Mkuu Mchovu, tafiti hazipigiwi kura. Sampuli kubwa inakupunguzia mchezo wa bahati, lakini swali ulilouliza linabaki lile lile. Ukipima mahindi elfu moja hujajua kitu kuhusu maharage.

Bureti, mimi nafundisha takwimu kwa watu wa kilimo, Morogoro. Usioshe chochote, hizo ni sampuli mbili tofauti. Ruka muhtasari wa mwanzo, nenda kwenye mbinu.

John na Jennifer wa 2012 walikuwa wahitimu wa shahada ya kwanza, na waliundwa makusudi wawe wa katikati. Ana chapisho aliloshiriki, vizuri. Ana alama za kawaida na kozi aliyoiacha kabla ya mtihani, siyo vizuri sana. Ni mtu ambaye ukitaka kumsifu utapata cha kusifia, na ukitaka kumtilia shaka utapata pa kushika. Na wale walimu waliamini ni mwanafunzi wa kweli anayesubiri maoni yao.

Wa 2015 ni watu wengine kabisa. Walikuwa nyota. Waliosoma waliambiwa kamati imeshampa huyu 9.5 kwa 10, na yule 9.5, na wa tatu wa kuzugia 9.3. Wengi hata wasifu kamili hawakuuona, waliona maelezo mafupi yaliyojaa sifa. Kazi ni uprofesa msaidizi, hatua ya mwisho ya mchujo. Na walijua wanajibu swali la kufikirika. Walioshindwa kuonyesha upendeleo wa kumwelekea mwanamke walikuwa wanauchumi wa kiume. Hao waligawanyika sawa.

Kwa hiyo inawezekana zote mbili ni za kweli. Tafsiri yangu, na hii ni yangu, usiisingizie karatasi: pale ushahidi kuhusu mtu unapokuwa na mashimo, msomaji anayaziba kwa alichozoea. Pale umezibwa tayari na 9.5, hakuna shimo la kuziba, na mtu anayetaka idara yake iwe na wanawake anapata nafasi ya kumchagua bila kujiuliza mara mbili.

Sasa rudi kwako. Watakaoomba mwezi ujao ni nyota wa 9.5 au ni watu wa katikati wenye chapisho moja na kozi moja mbaya? Hapo ndipo utajua karatasi ipi inakuhusu zaidi.

Zote mbili, lakini, ni majaribio ya karatasi. Kama unataka uamuzi wa kweli wenye fedha za kweli, nenda Kanada. Taasisi zao za utafiti wa afya ziligawa ruzuku katika mifuko miwili. Mmoja wapitiaji waliambiwa wapime zaidi wazo la utafiti. Mwingine waliambiwa wapime zaidi mtafiti mwenyewe, ubora wake kama kiongozi. Maombi karibu 24,000, waombaji zaidi ya 7,000. Baada ya kuzingatia umri na fani, kwenye mfuko wa wazo wanawake walikuwa nyuma ya wanaume kwa asilimia 0.9 tu ya nafasi ya kufaulu. Kwenye mfuko wa mtu, asilimia 4. Ilitoka kwenye Lancet 2019. Ni nchi ile ile na taasisi zile zile, kilichobadilika ni swali waliloulizwa wapitiaji. Mimi nikilazimishwa kubeba karatasi moja tu kwenda kwenye kikao, nabeba hii.

Bureti50 (Jumanne, saa 4:51 usiku)

Kaka, asante sana. Usaili wetu una fomu yenye kisanduku kimoja kikubwa kimeandikwa "Maoni ya jumla kuhusu mwombaji". Nimeikumbuka sasa hivi nikacheka peke yangu, mtoto kaamka.

BibiSamaki (Jumatano, saa 12:05 asubuhi)

Wanangu, hamjambo. Mimi ni mstaafu wa zoolojia, siku hizi nafuga kuku na kusoma mabishano yenu alfajiri.

Mwanangu wa Morogoro umeeleza vizuri na nimejifunza. Ila mnapima mlango tu: nani kaingia, nani kazuiwa. Mtu akishaingia anakaa humo miaka thelathini. Nani anampima huko ndani?

Kulikuwa na mama mmoja kwenye chuo cha MIT, Marekani, Nancy Hopkins, mtu wa biolojia ya molekuli. Mwaka 1994 hivi alitaka nafasi zaidi ya kuweka matangi ya samaki wake, wale wadogo wenye mistari kama pundamilia. Akanyimwa, akaambiwa ana nafasi kama wenzake. Yule mama hakuishia kulalamika. Alichukua futi kamba, akapita maabara kwa maabara akipima sakafu. Akakuta wanaume wa cheo chake wana karibu mara mbili yake. Ndipo akaanza kuwauliza wanawake wengine wa kitivo cha sayansi, na haikumchukua muda kuwamaliza, kwa sababu wenye ajira ya kudumu walikuwa 15 dhidi ya wanaume 194. Ripoti ilitoka 1999, na rais wa chuo mwenyewe akakiri kwamba siku zote aliamini ubaguzi huo ni kweli kiasi na hisia kiasi, kumbe sehemu kubwa zaidi ni kweli. Nampenda yule mama kwa sababu ya ile futi kamba.

Mimi sikuwa na futi kamba. Nilikuwa mtafiti kijana kwenye kituo kimoja cha uvuvi, ziwani. Samaki tuliowahitaji wanavuliwa usiku, mashua inatoka saa mbili inarudi alfajiri. Sisi wanawake wawili hatukuruhusiwa kupanda. "Kwa usalama wenu." Waliosema hivyo walikuwa watu wema, mmoja alikuwa akiniletea dagaa nyumbani. Tulibaki nchi kavu, samaki wakija tunawapima, tunawapasua, tunajaza madaftari. Ukifika wakati wa kuandika makala, jina la kwanza ni la aliyekuwa kwenye mashua, maana ndiye "aliyekusanya data". Mimi wa tatu, wa nne. Miaka minane hivyo. Nikiomba kupanda daraja naambiwa, na ni kweli, huna makala za jina la kwanza za kutosha.

Sasa niambieni, hapo John ni nani na Jennifer ni nani? Hakuna aliyepiga kura dhidi yangu. Walinihurumia tu. Faili langu lilipofika kwenye kamati lilihukumiwa kwa haki kabisa.

Wastani_Pungufu (Jumatano, saa 1:30 asubuhi)

Shikamoo mama. Nimesoma mara mbili. Hicho unachokisema kina jina gumu kwenye takwimu, lakini kwa lugha ya kawaida ni hivi: ukisawazisha idadi ya machapisho, yaani ukalinganisha wenye idadi sawa tu, kisha ukakuta hakuna tofauti, unaweza kuwa umesawazisha ubaguzi wenyewe. Machapisho yako yalishapunguzwa ziwani kabla hayajafika kwenye jedwali la mtu.

Utanisamehe, lakini lazima nilitazame na upande wa pili. Kisa kimoja hakituambii ni kwa kiasi gani. Huenda vituo vingine mashua ilipakia wote.

BibiSamaki (Jumatano, saa 1:44 asubuhi)

Marahaba. Huna kosa, kisa changu ni kimoja. Na hata mwenye kisa hajui chote. Wangari Maathai alirudi Nairobi Januari 1966 na barua ya kazi ya zoolojia mkononi, akakuta kazi kapewa mwingine. Alisema mwenyewe alihisi ni kwa sababu mbili, ni mwanamke na si wa kabila la mwenye kazi. Ipi ilikuwa na uzito gani? Nani atamgawa mtu vipande akapime? Bahati nzuri Mjerumani mmoja, Profesa Hofmann, akampokea kwenye anatomia ya mifugo, na 1971 akapata uzamivu, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati. Tungemkosa hivi hivi.

Pwani_hadi_Göteborg (Jumatano, saa 3:20 asubuhi)

Hamjambo nyote. Mimi ni wa Kilifi, niko Uswidi nasomea tiba ya kinga, na sikuweza kupita bila kusema, kwa kuwa watu wa chuo hiki hiki nilipo ndio walioanzisha moto huu. Christine Wennerås na Agnes Wold, jarida la Nature, 1997.

Baraza la utafiti wa tiba la Uswidi lilikuwa likitoa nafasi za watafiti wachanga baada ya uzamivu. Mwaka 1995 waliomba 114, wanaume 62 na wanawake 52. Walioshinda ni 20, na wanawake kati yao 4. Hawa mabibi wakaomba kuona alama walizopewa waombaji. Wakanyimwa, ni siri. Wakaenda mahakamani, kwa kuwa sheria ya huku yasema nyaraka za umma ni za umma, na mahakama ya rufaa ikaamuru zitolewe. Wakazichambua moja moja. Ili mwanamke apewe alama ya uwezo sawa na mwanamume wa kawaida, ilibidi machapisho yake yawe na uzito mara mbili na nusu ya yale ya mwanamume huyo.

Watu wengi huishia hapo. Kuna jambo la pili kwenye karatasi ile ile. Mwombaji aliyefahamiana na mjumbe wa kamati alipata nyongeza karibu sawa na ile ya kuwa mwanamume. Na ilikuwa hivyo ingawa mjumbe anayekujua hakuruhusiwa kukupa alama! Wenzake walimfanyia.

Baadaye wengine wakarudia hesabu kwa data za 2004, ikatoka 2008. Pengo la jinsia lilikuwa limekwisha, hata wanawake walikuwa na nyongeza kidogo. Kujuana kulikuwa palepale.

Mchovu_wa_Foleni (Jumatano, saa 3:55 asubuhi)

Undugunaizesheni hadi Uswidi! Leo nimefarijika.

Lakini mnaona mnavyonisaidia? Mambo ya 1966, 1994, 1995. Nami jana nilipotoka hapa sikulala, nikasoma. Upo uchambuzi mkubwa wa 2023 wa Ceci, Kahn na Williams. Kahn ni mchumi, alikuwa haafikiani na hao wengine wawili, wakakubali kukaa meza moja na kuandika pamoja. Wakapitia tafiti za 2000 hadi 2020 katika maeneo sita. Ruzuku: sawa kwa sawa. Makala kukubaliwa na majarida: sawa. Barua za wadhamini: sawa. Kuajiriwa kwenye nafasi za uprofesa: wanawake wako mbele. Haya, nijibuni.

Bureti50 (Jumatano, saa 4:10 asubuhi)

Umetaja manne. Maeneo sita ulisema mwenyewe.

Mchovu_wa_Foleni (Jumatano, saa 4:18 asubuhi)

Mishahara, na wanafunzi wanavyowapa walimu alama. Hayo mawili walikuta wanawake wanaonewa, ingawa pengo la mshahara ni dogo kuliko linavyotangazwa. Nilikuwa nafika huko.

Wastani_Pungufu (Jumatano, saa 7:15 mchana)

Ni kazi nzuri na nampongeza Mchovu kwa kuisoma, nasema kwa dhati. Kuna mawili ya kuiangalia. Ni mfumo wa Marekani, tena wa wale waliokwishafika kwenye uprofesa au wanaouomba. Mama yetu wa mashua hayumo, wala aliyeacha baada ya uzamivu hayumo. Na neno "sawa" hapo ni sawa baada ya kusawazisha vitu, tukarudi kwenye madaftari ya ziwani. Lakini mtu akisimama leo akadai kwamba majarida yanawakataa wanawake kwa jina tu, mzigo wa kuthibitisha uko kwake. Nakubali hilo, na Bureti asiliseme Ijumaa.

Kuhusu alama za wanafunzi. Kuna jaribio dogo la 2015, North Carolina, kozi ya mtandaoni. Walimu wasaidizi wawili, mwanamume na mwanamke, kila mmoja aliendesha kundi moja kwa jina lake na jingine kwa jina la mwenzake. Wanafunzi hawaoni sura. Kazi za wanafunzi zilirudishwa kwa wakati ule ule. Walioamini mwalimu wao ni mwanamume walimpa 4.35 kwa 5 kwa kuwahi kurudisha kazi. Walioamini ni mwanamke, 3.55. Kuwahi! Kitu cha saa na kalenda. Ila wanafunzi walikuwa 43 tu, kwa hiyo ichukue kama mfano wa kufikirisha, usiinue kama ngao.

Bureti50 (Jumatano, saa 7:40 mchana)

Kwetu fomu za wanafunzi zinaingia kwenye faili la kupanda daraja. Muhula uliopita mmoja aliniandikia "mkali kama mama mwenye nyumba". Wa dirishani aliandikiwa "yuko makini sana". Tunasahihisha kwa mwongozo mmoja, mimi ndiye niliyeuandaa. Basi, nilitaka tu kuwaambia.

Kipenga (Jumatano, saa 12:30 jioni)

Suluhisho rahisi, wekeni wanawake wawili kwenye kamati ya usaili. Mjadala ufungwe.

Wastani_Pungufu (Jumatano, saa 2:05 usiku)

Haufungwi. Walimu wa kike wa 2012 walimpunja Jennifer kama wanaume. Na Italia na Hispania walishajaribu kwa watu halisi: maombi ya kupanda uprofesa kama 100,000, watathmini kama 8,000, kamati zikipangwa kwa bahati nasibu. Wanawake kwenye kamati hawakuongeza nafasi ya wanawake waombaji. Nchini Italia, hata, wanaume waliokaa na mwanamke kwenye kamati waliwabana waombaji wa kike kidogo zaidi. Wawekeni kwa sababu ni haki yao kukaa hapo, lakini msiwatwishe kazi ya kuwa dawa.

Kilichowahi kufanya kazi kwenye jaribio ni kitu kisicho na mvuto kabisa. Watu waliombwa kumchagua mkuu wa polisi. Mmoja msomi, mwingine mzoefu wa mitaani. Mwanamume akiwa msomi, wachaguzi walisema elimu ndiyo muhimu. Mwanamume akiwa wa mitaani na mwanamke ndiye msomi, elimu ikashuka thamani. Kigezo kilimfuata mtu. Walipotakiwa kuandika kigezo kabla ya kujua mwombaji ni wa jinsia gani, upendeleo ukapotea. Si sayansi ya vyuoni, ni polisi, lakini Bureti angalia kile kisanduku chenu cha "maoni ya jumla".

Bureti50 (Jumamosi, saa 5:20 asubuhi)

Wakuu, nimerudi. Samahani kwa kimya, Alhamisi nilikuwa stoo ya nyaraka.

Baada ya maneno ya mkuu wa polisi nilimwendea mkuu wa idara nikamwomba faili la usaili uliopita, wa miaka minne nyuma. Nilitegemea anifukuze. Akanipa ufunguo. Nadhani hata yeye alikuwa amesahau kuna nini.

Waombaji saba, wanawake wawili, nafasi moja. Saba! Nilimsikia Wastani_Pungufu akicheka huko Morogoro. Hakuna takwimu hapo. Ila kulikuwa na zile fomu, visanduku vyote vimejazwa kwa mkono, nikazisoma zote, nikiwa nimeshajua moyoni nitakuta nini. Nilikwenda kumtafuta Jennifer.

Sikumkuta. Wale wanawake wawili waliandikiwa kwa haki kadiri ninavyoweza kuona. Mmoja hakuwa na uzamili wa kemia, mwingine alishika nafasi ya tatu na sababu zimeandikwa. Nilichokuta ni wanaume wawili wa juu. Kwa wa kwanza, aliyekuwa na alama kubwa za shahada, wajumbe wawili wameandika kwamba alama si kitu, tunahitaji mtu aliyekwisha kufundisha. Huyo akaenguliwa. Kwa wa pili, aliyeajiriwa, wajumbe wale wale wameandika kwamba kufundisha kunafundishika, muhimu msingi wa kitaaluma. Nikalinganisha wasifu wao. Wa pili hakuwa amewahi kufundisha, na alama zake zilikuwa chini ya za yule wa kwanza. Tasnifu yake ya uzamili ilisimamiwa na mmoja wa wajumbe wale wawili.

Aliyeajiriwa ni wa dirishani.

Nilikaa na faili lile mapajani muda mrefu, niseme kweli. Ni mwalimu mzuri. Wanafunzi wanampenda, na ndiye anayenishikia kipindi mtoto wangu akiugua. Sikuweza kulipeleka kwenye kikao bila yeye kujua. Alhamisi jioni nikamwonyesha. Akasoma fomu zote saba, akarudia ya yule wa alama kubwa, akauliza kama najua yule jamaa yuko wapi siku hizi. Sijui. Akaniambia niseme, nisitaje majina, na hata hapa nimeandika kwa ruhusa yake.

Ijumaa nilizungumza dakika tisa. Kanada nikaitaja, Uswidi nikaitaja, ile sehemu ya pili hasa. John na Jennifer nikawaacha nyumbani. Niliwaambia kwamba kwenye faili letu la mwisho sikuona mwanamke aliyeonewa kwa kuwa mwanamke, na kwamba fomu iliyotumika inaweza kumwonea yeyote, na siku mwanamke wa katikati akija mbele yake sitashangaa. Mjumbe mmoja wa zamani alitazama dirishani muda wote. Mkuu wa idara akauliza tufanye nini, na kabla sijafungua mdomo wa dirishani akasema vigezo na uzito wake viandikwe na kusainiwa kabla ya bahasha kufunguliwa. Imepita.

Walipendekeza pia tufiche majina ya waombaji. Hapo nimekwama. Fani yetu ni ndogo, nchi nzima wanaofanya kemia ya mimea dawa tunajuana. Ukificha jina, kichwa cha tasnifu kitamtaja mtu na msimamizi wake. Mama BibiSamaki, kwenye zoolojia mlifanyaje? Na Wastani, alama za kufundisha na alama za machapisho tuzipe uzito gani kwa mtu anayeanza? Mwenye fomu ya usaili yenye vigezo vilivyogawanywa, hata ya fani nyingine, aiweke hapa. Kikao cha kuandaa yetu ni Jumanne saa 4 asubuhi.

BibiSamaki (Jumamosi, saa 5:58 asubuhi)

Hatukuwahi kuficha, mwanangu. Tulikuwa wachache mno. Ila nakutafutia fomu moja tuliyoitumia mwishoni mwishoni, iko kwenye sanduku la chini, ngoja mjukuu aje anisaidie kuipiga picha. Na kwenye yenu ongezeni mstari mmoja: data ya makala hii ilikusanywa na nani, na nani alibaki ufukweni.